Picha Isiyo na Miguu

Wateja wangu hapa Bariadi wana sheria ambayo hakuna serikali iliyoipitisha: picha lazima iwe na miguu. Mtu akija studio na viatu vipya, halafu nimpige kuanzia kifuani kwenda juu, atanirudishia picha mezani na kuniuliza miguu yake nimempelekea nani. Hata siku hizi za simu, kila mtu anapojipiga mwenyewe mpaka ndani ya pua, wazee wa kwetu hawajabadilika. Nimebishana nao mpaka nimechoka. Nikiona mabishano yanarefuka, nawaonyesha ukutani picha mbili za bibi yangu Nyanjige, ambazo hazina miguu, kisha naendelea na kazi nyingine.

Picha hizo nilizipiga nikiwa mtoto, na bila hizo leo ningekuwa nafanya kitu kingine kabisa.

Nilizaliwa Mwandoya, upande wa Meatu, kwa Masele, mkulima wa pamba na mzee wa kanisa. Niliitwa Kabula kwa sababu nilikuja na mvua. Bibi Nyanjige alikuwa mama yake baba. Alikuwa na nyumba yake ndogo ndani ya ua wetu wa minyaa, na pembeni ya nyumba hiyo kilikuwapo kibanda kilichonifika magotini, cha masamva, yaani wazee wa ukoo waliokwisha kufa. Baba alikipita kibanda kile akitazama upande mwingine. Jumapili, baba alipotoka na Biblia kwapani, Bibi naye alitazama upande mwingine. Hivyo ndivyo walivyoheshimiana, na sijawahi kuwasikia wakigombana.

Asubuhi Bibi alikuwa akimwaga uji kidogo mbele ya kibanda na kumwita marehemu mama yake, Milembe. Akishamwita, alimpa habari za nyumbani: ng'ombe gani kazaa, nani ana homa, mke wa nani kakimbia. Nilimzoea. Nilidhani kila bibi duniani ana mama anayemsimulia mambo asubuhi.

Siku moja nikamkuta amesimama pale na kata ya uji mkononi, haongei.

“Bibi, umesahau maneno?”

“Maneno ninayo,” akasema. Bibi aliongea Kisukuma tu. Haya nayageuza mimi. “Sura ndiyo imenitoka. Alivyokohoa nakumbuka. Alivyofunga nguo nakumbuka. Lakini nikimwita sasa anakuja mtu hana uso. Nitaongeaje na mtu hana uso, ng'wana wane, mwanangu?”

Akaanza kulia. Bibi yangu hakuwa mtu wa machozi. Misibani ndiye aliyewanyamazisha wengine. Niliogopa sana, nikamshika nguo kama mtoto mdogo, na tangu siku ile hakumwaga tena uji. Alikuwa akitoka asubuhi, anakitazama kibanda, anarudi ndani.

Mwaka huo ndio wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu. Kabla yao tulikuwa na ushirika peke yake, na ukishapeleka pamba ulisubiri malipo mpaka ukasahau kama ulilima. Hawa wapya walikuja na malori na mizani yao, wakalipa papo hapo. Nyuma ya malori wakafuata wenye mitumba, wenye redio, wenye miwani ya jua, na mpiga picha mmoja aliyeitwa Athanasi.

Athanasi alikuwa kijana wa Bukoba mwenye chumba cha studio hapa Bariadi. Msimu wa pamba alifunga chumba, akapanda baiskeli na kuzunguka minadani. Alifikia kwetu kwa sababu baba alipenda mgeni asiyelewa. Mkanda wa kamera ukijaa aliupeleka mpaka Lamadi, akapanda basi la Mwanza kwenda kusafisha picha za rangi, kisha akarudi nazo mnada mwingine. Kisukuma chake kilitosha kuombea maji na kushukuru, basi.

Sasa, jirani yetu Mayala alikuwa amefiwa na baba yake. Mzee yule aliacha kadi ya ushirika yenye kapicha kadogo, kamekunjamana. Mayala akampa Athanasi ile kadi, na huko Mwanza kapicha kakakuzwa mpaka kakawa na ukubwa wa sinia. Fundi aliyekuza akaona mzee amekaa vibaya na fulana iliyochanika, akamchorea koti jeusi na tai. Picha ilipotundikwa, nusu ya kijiji ilikwenda kuiona, na Bibi alikuwa miongoni mwao.

Aliitazama kwa muda mrefu. Mzee wa Mayala hakuwahi kuvaa koti maisha yake yote, na Bibi mwenyewe alikuwepo siku alipozikwa na shuka lake. Habari ya kadi hakuna aliyemweleza. Basi akapiga hesabu zake: mtu huyu tumemzika, kijana wa kamera kaja baadaye, na picha ndiyo hii, tena amevaa nguo ambayo hapa duniani hakuwa nayo. Kwa vyovyote kijana ana njia ya kufika waliko.

“Kumbe huko wanavishwa makoti,” akaniambia tulipokuwa tunarudi, kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema.

Msinicheke. Na mimi niliamini.

Jioni hiyo akanichukua nikawe mkalimani wake. Athanasi alikuwa amekaa nje anafuta lenzi kwa kitambaa. Bibi akaketi mbele yake, akaweka chini jike la kuku lililofungwa miguu.

“Mwambie simuombi aniletee mama mzima,” akasema. “Sura tu inanitosha.”

Nikamwambia Athanasi. Akanitazama, hakuelewa.

“Mwambie anaitwa Milembe, wa kule Lingeka, mwenye mwanya wa mbele. Huko kina Milembe watakuwa wengi, asije akanipigia mwingine.”

Hapo Athanasi akaelewa, akaanza kucheka. Kisha akauona uso wa Bibi, akaacha. Nilimpenda kwa kuacha kule.

“Muulize kama ana picha yake yoyote. Hata ya kadi.”

“Hana,” nikajibu bila kuuliza. “Alikufa zamani sana, kadi hazijaja.”

Athanasi akakunja kitambaa chake, akakikunjua. “Mwambie taratibu, Kabula. Kamera inapiga kilicho mbele yake tu. Yule mzee wa Mayala alitoka kwenye kadi, koti likachorwa. Mtu asiye na picha siwezi kumtoa popote.”

Sikutaka kuyageuza maneno yale. Nilimchukia yeye na kamera yake na Mwanza yake yote. Lakini Bibi alikuwa ananisubiri, nikayasema. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akainama, akamfungua kuku miguu, kuku akakimbilia minyaani.

“Basi,” akasema.

Athanasi aliona vibaya, akaniambia nimwambie Bibi atampiga yeye mwenyewe, zawadi. Bibi alikuwa ameshasimama. “Yangu ya nini?” akauliza. “Mimi si nipo?”

Na uso wake mwenyewe hakuwa na habari nao. Kioo pekee nyumbani kilikuwa kigae cha baba cha kunyolea ndevu, na hicho kilionyesha shavu moja kwa wakati mmoja. Sidhani kama Bibi aliwahi kukigusa. Nadhani kichwani mwake alikuwa bado na uso aliokuja nao siku anaolewa.

Kesho yake Athanasi alipiga picha nyumbani kwetu mchana mzima, na mimi nikawa mdomo wake. “Mwambie asimame wima. Mwambie mikono ibane mapajani. Mwambie asitikisike.” Watu walijipanga mbele ya ua wamenuna, kwa sababu kucheka mbele ya kamera ilikuwa tabia ya walevi. Athanasi alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka viatu vyote vimeingia. Nilikuwa nimeziona picha zake za msimu ule. Nyuso zilitoka ndogo kama punje za mahindi, na watu walitambuana kwa mashati.

Hasira za jana zilikuwa hazijaniisha, nikamwambia wazi: “Picha zako hazina watu. Zina nguo.”

Mtoto wa kwetu hamwambii mgeni hivyo. Baba angesikia ningekiona cha moto. Athanasi akacheka, akavua kamera shingoni na kunivisha mimi. “Haya, mjuaji. Chungulia wewe uone.”

Nikaweka jicho kwenye kidirisha cha nyuma ya kamera. Uwanja wetu wote, nilioujua tangu kuzaliwa, ulikuwa umekatwa pande zote na kubaki kipande. Nikasogea, baiskeli ikaondoka. Nikasogea tena, mbuzi wakaondoka, Mayala akaondoka na kelele zake. Nilikuwa nakiambia kitu wewe kaa, wewe toka, na kinatii. Nyumbani kwetu mtoto wa kike hakuwa na amri hata juu ya kifaranga. Niliipenda kazi hii palepale, kabla sijajua kuwa ni kazi, na sijaacha kuipenda mpaka leo.

Bibi alikuwa amekaa mkekani mlangoni kwake, anachambua pamba, safi anaweka huku, fifi, ile yenye madoa, anatupa kule. Alikuwa hajasema na mtu tangu jana. Nikamwendea na kamera usoni. Nyumba ikatoka kwenye kidirisha, mkeka ukatoka, miguu ikatoka. Akabaki yeye na mkono mmoja uliokuwa umeinua pamba mwangani.

“Mwisho wa mkanda huwa inabaki moja ya ziada,” Athanasi akasema nyuma yangu. “Bonyeza. Lakini rudi nyuma kwanza, unamkata miguu!”

Sikurudi. Bibi akainua macho kutazama kibanda cha masamva, nikabonyeza. Alidhani nachezea tu kitu cha mgeni, akaendelea na pamba yake.

Athanasi akaondoka, na mimi nikaanza kusumbua watu. Kila lori lililotoka njia ya Bariadi nililikimbilia. Mama alinituma maji nikarudi na ndoo tupu, maana njiani nilikuwa nimetengeneza kidirisha kwa vidole na kuchungulia kila kitu. Akanichapa, na alikuwa na haki.

Athanasi aliporudi, watu walimzunguka uwanjani kwetu, wakagombania bahasha, wakatambuana kwa mashati kama kawaida. Mpaka wote wakaondoka, yangu haijatoka. Athanasi akaitoa chini kabisa, huku anaona aibu. “Hii iliharibika. Bibi yako hana miguu, hana hata mkeka. Chukua tu.”

Haikuharibika. Ilikuwa uso wa Bibi kutoka ukingo mpaka ukingo, mikunjo yote ipo, macho yanatazama kitu ambacho hakimo kwenye picha, na mkono wenye pamba karibu na shavu. Nilikimbia nayo kwa Bibi nikitaka sifa zangu.

“Bibi, tazama nili...”

Akaipokea kwa mikono miwili. Akakaa chini pale alipokuwa.

“Mayu,” akasema. Mama. “Mayu, umechelewa sana.”

Bibi alipitisha kidole kwenye paji la uso lile, kwenye mashavu, machozi yanamtoka na hana habari nayo. “Ni yeye. Ni yeye kabisa, mwaka ule aliokufa.” Akaniangalia kwa furaha. “Na hawakumvisha koti. Afadhali. Asingelizoea.”

Baba akaja, akachungulia juu ya bega lake. “Mama,” akaanza, “mbona huyu si...” Mama yangu akamvuta shati na kumwambia aende akamsaidie kubeba gunia. Hakukuwa na gunia lolote.

Yule kuku akakamatwa upya. Nikampeleka mimi mwenyewe kwa Athanasi, na nikamweleza kilichotokea. Akaenda kwa Bibi na kuku kamshika kwa heshima zote, akapiga goti, akatumia Kisukuma chake karibu chote: “Wabeja, mayu.” Asante, mama.

Uji ukaanza kumwagwa tena. Kila asubuhi Bibi alitoka na kata mkono huu na picha mkono ule, akamsimulia mama yake habari zote zilizokuwa zimelala. Nilifurahi, na hapohapo iliniuma. Ilikuwa picha yangu ya kwanza, nzuri kuliko zote za Athanasi, na sikuweza kumwambia mtu aliyenipenda kuliko wote kwamba nimeipiga mimi. Ningesema ningemuua Milembe mara ya pili. Nikafunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua watakwambia halikuwa dogo.

Mvua zilikuwa zimeshaanza, ile asubuhi Bibi alipokatisha hadithi yake katikati.

“Kabula, njoo hapa.”

Alikuwa ameisogeza picha karibu na macho. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kwenda nje tangu zamani. Sasa alikitazama cha kwenye picha, kilichokuwa kimeshika pamba, akatazama chake, akarudia cha kwenye picha.

“Hiki ni cha kwangu,” akasema. “Kilivunjwa na kamba ya ndama nikiwa msichana. Mama ndiye alikifunga. Yeye vidole vyake vilikuwa vizima.” Akanigeukia. “Nani alipiga hii?”

“Mimi, Bibi.” Nikaanza kulia kabla yake. “Nilitaka kukwambia siku ile, ukawa umeshafurahi.”

Akaweka kata chini. Akaanza kuupapasa uso wake, polepole, paji, mashavu, kidevu, kama anavyopapasa kibuyu kutafuta kilipopasuka. Alipapasa mpaka uji ukapoa. Nilitamani kamera isingekuwa imefika Mwandoya.

“Kwa hiyo kwa sura nimeshafika kwake,” akasema mwishoni. “Natoka naye kila siku, nalala naye, halafu nahonga watu kuku wakanitafutie.”

“Bibi, umekasirika?”

“Nikasirike kwa nini? Nimeulizwa kwa miaka mingi nafanana na nani, nikawa sina jibu.” Akaitazama tena picha, safari hii akiwa amekunja uso kama mteja. “Lakini hii ni nusu. Mama bila mwanya si mama, na huu mwanya wangu hauonekani mdomo ukifungwa. Yule kijana anarudi lini?”

“Msimu wa pamba.”

“Mwombee asife njiani.”

Hakufa. Msimu uliofuata, kabla hajashusha hata begi kwenye baiskeli, Bibi alikuwa amesimama mbele yake, ameoga, amejipaka mafuta. Akaniambia nigeuze neno kwa neno.

“Mpige mama tena. Safari hii acheke.”

Athanasi akainua kamera. Bibi akaweka kiganja mbele ya lenzi. “Si wewe. Wewe utapiga miguu.”

Nikavishwa kamera mbele ya baba, mbele ya Mayala, mbele ya majirani wote waliokuja kutazama bibi kizee atakayefanya mambo ya walevi. Nikasogea mpaka wote wakatoka kwenye kidirisha. Shida ikawa kwamba Bibi hakujua kucheka kwa kuagizwa. Alifungua mdomo kama aliye kwa daktari wa meno, akaniuliza kama tayari.

“Bado, Bibi.”

“Sasa je?”

“Bado.” Nikatafuta la kusema, nikalipata. “Bibi, unamfikiria mzee wa Mayala? Jua lote hili, na yuko huko na lile koti lake, na tai.”

Bibi alijaribu kujizuia kwa heshima ya Mayala, akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, kichwa kikaenda nyuma, mwanya ukaonekana wote, na mimi nikabonyeza. Mayala mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Picha ilirudi kutoka Mwanza asubuhi moja ya mnada. Nilimpelekea Bibi nyumbani kwake bila kukimbia. Akatoka nayo nje penye mwanga, akasimama karibu na kibanda. Aliitazama, akapitisha ulimi kwenye mwanya wake, akaitazama tena.

“Mwangaluka, mayu,” akaisalimia.

Akatega sikio, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Kisha akanipa picha nikaitundike, akaingia ndani kuchukua uji.